Jaji Aliyeinuka Kitini

Maman Godelive aliingia tribinali siku ile amevaa kikwembe chake cha sikukuu, na moyo umetulia. Kwa nini usitulie? Jaji aliyepewa kesi yake alikuwa Adélaïde, yatima wa Luhwindja aliyemlea tangu ana miaka mitatu, akamsomesha mpaka akamaliza sheria. Kweli Mungu hasahau watu wake!

Shida ilikuwa nyumba yao ya mtaa wa Panzi. Yeye na mume wake, muzee Ignace, walikwenda Luvungi msimu mmoja kulima mihogo. Waliporudi, wakakuta mfanyabiashara wa Minova, Aloys, ameshabadilisha kufuli, na karatasi za kununua anazo mkononi. Nani alimuuzia? Mpwa wao mmoja asiye na haya, ambaye mpaka leo hajulikani aliko. Sasa walikuwa wamepanga chumba kimoja mtaa wa Kadutu, na Ignace alikohoa mpaka kikombe kikamponyoka. Ombi lake lilikuwa moja tu, afie nyumbani kwake. Godelive alimwahidi kwamba mwezi hautaisha kabla hajarudi.

Basi kesi ikaitwa. Adélaïde akamtazama Godelive, akamtazama Aloys, akainuka.

"Mbele ya kuanza, kila mutu asikie," akasema. "Huyu maman njo alinilea. Siwezi kukata hii maneno. Ninajitoa. Itapewa juge mwengine."

Watu wakaanza kunong'ona. Aloys, ambaye hakuwa na habari yoyote ya undugu huo, akageuka kumtazama Godelive. Godelive akatoka.

Akamngoja Adélaïde nje mpaka alipotoka.

"Adélaïde, unaniaibisha mbele ya watu? Karatasi zangu umesoma. Unajua niko na haki!"

"Hiyo siwezi kukujibia, maman."

"Muzee anakufa! Huyo mwengine atachukua miezi ngapi? Na kama anakula rushwa?"

"Akikosea, utapeleka rufaa. Maman, nikikupatia haki leo, kesho Aloys atasema mutoto alimupa mama yake. Na atakuwa na sababu. Juge haikae pale kwa ajili ya watu wa kwao."

"Kumbe nililea mutoto wa watu," Godelive akasema, akaenda zake bila kuaga. Wewe ungesema nini, na mgonjwa anakungoja na jibu?

Kesi ikaanza upya. Jaji mpya, Constantin, alikuwa mzee mkavu asiyecheka na mtu. Aliita mashahidi mmoja mmoja, akaenda mwenyewe Panzi kuuliza majirani, akaahirisha, akaahirisha tena. Mwezi wa tano wa kesi Ignace akafa, humo humo kwenye chumba cha kupanga, akiuliza kama ufunguo umepatikana. Iliuma, iliuma sana! Adélaïde alipokuja kwenye matanga, Godelive alimfukuza mbele ya wamama wote wa shirika lao la kanisa, na hakuna hata mmoja aliyemtetea.

Mwezi wa saba wa kesi hukumu ikasomwa. Nyumba ni ya Godelive. Aloys akamfuata hadi nje, kofia mkononi.

"Maman, kama ni binti yako alikata hii maneno, ningepeleka rufaa mpaka mwisho," akasema. "Lakini huyu muzee alinisikiliza yote, hakunifupishia hata neno. Nitatoka wiki hii. Mimi sasa nitatafuta ule aliniuzia."

Godelive alikuwa amemwekea matusi ya miezi saba. Siku hiyo hakuona hata moja la kumtupia. Hakwenda Panzi. Alipanda moja kwa moja mtaa wa Nyawera kwa Adélaïde, akamkuta uani, akamnyooshea karatasi ya hukumu.

"Nyumba imerudi," akasema. "Na Panzi nzima hakuna mutu wa kusema tuliiba, hata Aloys mwenyewe. Njo hiyo ulikuwa unaniambia siku ile. Sikutaka kusikia."

Adélaïde akaanza kulia. Godelive naye macho yakamjaa, lakini hakumkumbatia.

"Bado inaniuma, mutoto yangu, sitakudanganya. Kesho ninaenda kwenye kaburi. Kuja na mimi, umuambie Ignace wewe mwenyewe kwa nini nyumba yake ilikawia kurudi."