Simu ya Getini

Treni ya jioni huondoka saa kumi na moja kamili. Kabla ya hapo mtangazaji wa stesheni alikuwa akifuta kipaza sauti kwa kitambaa, kwa sababu mwenzake wa zamu ya asubuhi alitangaza huku akitafuna karanga. Kisha alisoma majina ya vituo vyote mpaka cha mwisho, taratibu, ili mwenye watoto na mwenye mizigo wote wawahi. Chumba chao ni kidogo. Kina meza mbili, saa ya ukutani, feni isiyozunguka, na simu nyeusi inayokwenda mahali pamoja tu: kwenye kibanda cha geti, pale barabara ya sokoni inapokatiza reli. Meza ya pili ni ya mkuu wa stesheni. Watu humwita Bwana Dakika. Anajua, na hakatai.

Mshika geti alikuwa mume wa mtangazaji. Upepo ulipovuma kuelekea sokoni, sauti ya mkewe ilimfikia kibandani kupitia spika za stesheni, na akirudi nyumbani alimweleza ilivyosikika siku hiyo. "Leo ulitangaza kama unagombana na mabehewa," alisema, naye mtangazaji alicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Hawakujaliwa watoto. Jioni zao zilikuwa za watu wawili na redio.

Kazi ya geti ina utaratibu wake. Stesheni inapiga simu kusema treni iko tayari. Mshika geti anateremsha kizuizi, anatazama huku na huku, anahakikisha njia iko wazi, kisha yeye mwenyewe anapiga stesheni na kusema, "Geti limefungwa." Hapo ndipo treni inaruhusiwa kuondoka. Lakini makao makuu ya reli yalipoanza kushindanisha stesheni kwa kuwahi, na jina la stesheni ya mwisho kusomwa kikaoni mbele ya wakuu wote, Bwana Dakika aliona kungoja simu ya pili ni kuchelewa kwa hiari. Akawa anatoa ruhusa mara tu simu ya kwanza ikipokelewa. Baadaye akaona hata kupokelewa si lazima. Simu ikilia, alisema, mwenye masikio amesikia. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu, na cheti cha kuwahi kikatundikwa ukutani chini ya saa.

Siku aliyokufa mshika geti, mkokoteni uliobeba kabati la nguo ulinasa gurudumu katikati ya reli. Yeye na mwenye mkokoteni walikuwa wakiusukuma, na simu ikawa inalia kibandani. Alikuwa na mikono miwili tu, na yote ilikuwa kwenye kabati. Kule stesheni, simu ikiwa bado inalia, Bwana Dakika alitoa ruhusa, na mtangazaji akatangaza kwamba treni inaondoka. Mwenye mkokoteni alisukumwa pembeni na mshika geti, akapona. Taarifa iliyotumwa makao makuu ilisema marehemu hakupokea simu.

Wiki ile ile ya mazishi, kabla mtu mwingine hajapangwa getini, Bwana Dakika aliinua mkono wa simu kwa mazoea. Hakuwa amebonyeza kitu. Sauti ya mshika geti ikasema, "Geti limefungwa." Bwana Dakika akasema asante na kutoa ruhusa. Mtangazaji, aliyekuwa kwenye meza yake, aliisikia sauti ile vizuri. Akasoma vituo mpaka cha mwisho.

Kuanzia siku hiyo marehemu alikuwa kazini kila jioni. Watu wa sokoni walimwona amesimama kando ya kizuizi na koti lake la rangi ya chungwa, lililochanika begani, akiangalia upande treni inakotokea. Walimsalimia kama zamani. Dereva mmoja wa bodaboda, aliyezoea kutaniana naye, alimuuliza, "Mzee, hata huko hawajakupa likizo?" Marehemu hakugeuka. Aliinua kijibendera kumtaka asubiri, na dereva akasubiri, jambo ambalo wakati wa uhai wake hakulifanya hata mara moja.

Makao makuu yalipouliza kama nafasi ya mshika geti ijazwe, Bwana Dakika alijibu kwamba haiko wazi.

Lakini nyumbani marehemu hakuja. Wifi yake mtangazaji, aliyekuwa akipita kumjulia hali, alisema maneno ambayo hakuyakusudia kwa ubaya. "Wifi, kaka yangu mji mzima unamwona. Wewe umemfanya nini?" Mtangazaji alikwenda getini akasimama karibu na mumewe, akamweleza habari za nyumbani, bati linalovuja na jirani aliyehama. Marehemu hakuyaondoa macho kwenye reli. Mtangazaji akaelewa. Mtu anayetakiwa kujibu kabla hajaulizwa hana nafasi ya kusikiliza kitu kingine.

Kwa hiyo alimwomba Bwana Dakika arudie utaratibu: apige simu, akate, na angoje kupigiwa. Mtu akijua atangojewa, alisema, anaweza hata kukaa chini.

"Shemeji, mimi simzuii," alisema Bwana Dakika. Hakuwa mtu mbaya. Msibani ndiye aliyeleta viti. "Lakini hii stesheni ikishika mkia, wewe na mimi tutahamishiwa kusikofika hata simu."

Msimu uliofuata alikuja mtaalamu kutoka makao makuu, mwanamke mwenye viatu vya raba na chupa yake ya chai. Kazi yake ilikuwa kuchunguza namna watu wanavyokosea wakiwa na haraka. Alikaa chumbani siku kadhaa bila kusema sana. Alikwenda pia getini, akamtazama marehemu akifunga na kufungua, na swali lake la kwanza aliporudi lilikuwa nani humpokea zamu. Akaambiwa hakuna. Akatikisa kichwa.

"Kosa hapa si la aliyeshindwa kupokea simu," alimwambia Bwana Dakika. "Mmemfundisha kila mtu kwamba mlio wa simu ni jibu. Ukimnyima mtu muda wa kuangalia, usimlaumu kwa asichokiona." Akaagiza kwamba kesho yake wajaribu utaratibu wa zamani, treni isitoke mpaka geti lipige lenyewe.

Kesho yake Bwana Dakika alipiga, akasema treni iko tayari, akakata. Wakangoja. Saa ikafika kumi na moja, ikapita. Abiria wakaanza kutoa vichwa madirishani. Mmoja aliuliza kwa sauti kama dereva amekwenda kuoa. Bwana Dakika alikaa akiangalia chini. Kisha simu ikalia, na mtaalamu akaisukuma kuelekea kwa mtangazaji.

"Geti limefungwa," alisema marehemu. Hakukata simu; alikuwa kama mtu aliyejikuta ana nafasi ambayo hakuitarajia. "Umekula?"

"Bado," alisema mtangazaji.

"Kula. Zamu ikiisha nakuja."

Alikuja nyumbani jua likiwa bado halijatua. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti chake na kuuliza kwa nini bati halijazibwa. Walizungumza habari za kawaida. Alisema kule getini upepo umebadilika, siku hizi hasikii vizuri mkewe anavyotangaza, au pengine anasikia lakini hawezi kufuatilia. Alisema mgongo hauumi tena, ila amechoka. Kisha akasinzia kitini, mdomo wazi, kama zamani. Mtangazaji aliizima redio asimwamshe, akakaa akimtazama mpaka naye usingizi ukamchukua.

Asubuhi kiti kilikuwa kitupu. Makao makuu yalikuwa yamekwisha kuona kwamba treni ya jioni ilichelewa, na stesheni ilikuwa imeshuka nafasi tatu. Bwana Dakika alitakiwa kujieleza. Jioni hiyo aliinua mkono wa simu bila kubonyeza kitu.

"Geti limefungwa," ilisema sauti.

Bwana Dakika akatoa ruhusa. Hakumtazama mtangazaji, na mtangazaji akasoma vituo mpaka cha mwisho.

Ripoti ya mtaalamu ilisomwa na wakuu wakaisifu. Sehemu ya kungoja simu waliiahirisha. Walichokipenda ni maelezo ya geti lenyewe, ambalo halikuwa na ajali wala mshahara, na wakaziandikia stesheni nyingine kuuliza kama nazo zina washika geti waliofia kazini.

Mtangazaji aliomba kubadilishiwa zamu, akakubaliwa. Sasa anatangaza asubuhi, na jioni huchukua kigoda na kwenda getini. Mwanzoni alikaa kando ya kibanda, akawa anauona mgongo tu. Siku moja alizunguka, akavuka reli, akatembea kandokando yake na kukaa upande ule marehemu anakotazama, ili macho yake yawe na pa kufikia.

Marehemu alimwona. Alimtazama kwa muda, ikawa mara ya kwanza tangu usiku ule. Kisha akainua kijibendera na kumwashiria arudi nyuma, mbali zaidi na reli. Mtangazaji akainuka, akasogeza kigoda nyuma, akakaa. Akaashiriwa tena. Akasogea tena, mpaka akafika kwenye majani, na kutoka hapo uso wa mumewe haukuonekana vizuri.

Treni ikapita kati yao, kwa wakati.