Habari Isiyopigiwa Simu

Sihaba, mtoto wa Unguja, hakuwahi kukanyaga kanisani maisha yake yote, na siku aliyoingia aliingia na uongo mdomoni. Kanisa lenyewe ni la mawe matupu, lina minara miwili, limesimama katikati ya mji mkongwe wa Guangzhou, Uchina, nyuma ya maduka ya jumla ya samaki wakavu na midoli. Nje maharusi wa Kichina walikuwa wakipigwa picha. Akapita kati yao na mtandio wake kichwani, kamera ya simu ameigeuza itazame mbele, uso wake usionekane.

Upande wa pili wa simu alikuwa Mama Protas, yuko Iringa, mama mzazi wa Dorothea. Dorothea na Sihaba walikuwa na ofisi moja katika jengo la Tianxiu Dasha, wakisafirisha viatu na mikoba, wakila sahani moja. Alfajiri ya siku hiyo Dorothea alifariki hospitalini. Aliyeambiwa kwanza ni kaka yake, Protas, naye akasema mama asiambiwe. Kwao, kama ilivyo kwao Sihaba, mzazi hapigiwi simu ya msiba. Hufuatwa nyumbani na watu wazima, akakalishwa, na wa kumshika wawepo. Protas alikuwa njiani anatoka Dodoma. Mpaka afike, Dorothea ni mgonjwa.

Sasa mama naye, bila kujua hili wala lile, akapiga simu na ombi lake: nenda kanisa analosali mwanangu, uniwashie mshumaa apone, nami nione. Ungemkatalia vipi? Angetaka kujua sababu.

"Kumbe ni kama letu la Waitaliano," mama akasema. Alibatizwa na kuolewa katika kanisa kuukuu lililojengwa na mapadre wa Kitaliano, na kwake kila kanisa zuri lazima liwe la Waitaliano. "Nionyeshe vile vioo vya rangi. Haya, altare. Dorothea hukaa wapi?"

Sihaba hakujua. Akachagua benchi karibu na nguzo, akasema hapa. Uongo huo ulimkera kuliko mingine yote, maana haukuwa hata na haja.

"Ameamkaje leo?"

"Amelala, mama. Hana maumivu."

Mlinzi akaja akiitikisia simu kidole. "Buxing, buxing." Neno hilo, yaani haiwezekani, Sihaba amelizoea sokoni Zhanxi, huambiwa anapotaja bei ndogo mno, na huko hulicheka. Leo alilishukuru. Angemsingizia mlinzi, akakata simu, akapumua. Lakini yule bwana alimtazama usoni, akaona machozi, akaondoka zake taratibu. Wapo watu wema wasiojua wakati wa kuwa wema.

Akawasha mshumaa. Mama akaanza Salamu Maria, na Sihaba, asiyejua pa kuitikia, akaukinga mwali kwa kiganja.

Katikati ya sala ikasikika hodi kule Iringa, hodi ya watu wengi.

"Karibuni. Protas? Mbona hukusema unakuja? Na padre pia. Njooni, njooni muone kanisa la Dorothea." Mama akawageuzia simu. Sihaba akawaona wamesimama mlangoni, kofia mkononi, na hakuna hata mmoja aliyeutazama mshumaa.

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Simu ikaonyesha dari, kisha kitambaa cha meza. Kiti kilivutwa. "Kaa kwanza, mama," Protas akasema. Kilio kilichofuata kilimkalisha Sihaba kwenye benchi lile lile la uongo. Aliona haya kusikiliza. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kukata.

"Usikate."

Uso wa mama ulikuwa umerudi kwenye kioo cha simu, na Sihaba hakuwahi kuuona umezeeka namna ile. "Hawa wote hawakuwa naye, mwanangu. Wewe ulikuwa naye. Jana alikula?"

Sihaba akaigeuza kamera, mama amwone.

"Kidogo, mama. Nilimpikia uji. Akasema nimeuharibu, si kama wako."