Folda ya Waliopepesa

"Hii si picha yangu," alisema mpiga picha, kiuno cha suruali kikiwa bado kimebanwa kwa pini.

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti akipima pindo. Aliinua kichwa, pini mbili mdomoni, akatazama ukutani kule alikotazama mteja wake. Picha kubwa ya harusi ya binti yake ilining'inia juu ya mashine, ndani ya fremu ya dhahabu, na hakuna aliyewahi kuingia dukani mle akatoka bila kuonyeshwa.

"Si yako kivipi, bwana? Si ulitupanga mwenyewe? Ukanigombeza mbele ya wakwe zangu eti nimepepesa!"

"Kupiga nimepiga mimi. Rangi ndiyo si yangu. Nani ametia njano kwenye gauni?"

"Njano?" Fundi cherehani alitema pini kiganjani. "Gauni hilo nimelishona kwa mikono hii. Jeupe pe pe pe. Watu wanakuja hapa wanasema weupe wake unaumiza macho."

"Basi ni balbu yako."

"Balbu nimebadilisha juzi."

Mpiga picha aliacha suruali ipimwe. Lakini hakuondoa macho pale ukutani. Gauni lile alikuwa amelifanya jeupe kama chumvi, alikumbuka vizuri, na sasa lilionekana kama lililosuuzwa kwa chai. Mtu alikuwa ameligusa baada yake.

Mtaa mzima ulimwita Usipepese. Ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake, awe bwana harusi, awe mtoto wa kupiga picha ya kitambulisho, awe mkuu wa polisi. "Tulia. Kidevu chini. Usipepese." Ukikutana naye sokoni asubuhi na hujalala vizuri, atakutazama kope kwanza ndipo akusalimie. Alikuwa mtu wa utaratibu, wa ule utaratibu unaowachosha walio karibu naye. Memori ikitoka kwenye kamera ilikwenda mfuko wa kushoto wa shati na haikuhama hapo mpaka studio. Picha zilinakiliwa kwenye diski mbili, moja ikabaki studio, ya pili ikalala nyumbani chini ya mashuka ya wageni. Kisha alikaa mkewe, ambaye ndiye aliyebeba mkoba wa lenzi na kunyoosha magauni ya maharusi, akazipitia zote na kuwatoa waliofumba macho. Hao walitupwa kwenye folda iliyoitwa Waliopepesa. Usipepese hakuifungua folda hiyo hata siku moja. Kwa nini ajisumbue kutazama uchafu?

Zilizobaki zililazwa. Kwa imani yake, picha iliyopigwa leo isiguswe leo, kwa sababu macho yanakuwa bado yamelewa sherehe. Kesho yake ndipo alipokaa kwenye kiti chake chenye mto uliotoboka, akaweka rangi. Weupe kwanza. Ukiupata weupe, alisema, kila kitu kingine kinakuja chenyewe. Mwisho kabisa alisafisha macho ya watu, akafuta vijishipa vyekundu na punje za vumbi, mpaka hata shangazi aliyekesha akipika akatoka na macho ya mtoto mchanga. Hapo ndipo alipomkabidhi shemeji yake achape.

Alitembea kutoka kwa fundi cherehani akiuhesabu mnyororo huo pete kwa pete. Yeye, mke, yeye tena, shemeji. Mkono wa mtu ungeweza kuingilia wapi?

Shemeji mwenyewe alikuwa mdogo wa mkewe, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyekuja "kwa muda tu" duka lake la kutengeneza simu lilipofungwa, na muda huo ulikuwa haujaisha. Alijifunza upesi mno. Tena alipiga mluzi. Usipepese alikwisha gundua kwamba shemeji anapiga mluzi pale tu anapokuwa na jambo, na siku hizi alipiga mluzi kutwa nzima. Wateja waliingia studio wakamsalimia shemeji kwanza. Mara mbili hivi Usipepese aliingia ghafla akawakuta dada na kaka wameinamia skrini, na mazungumzo yakakatika kama redio iliyochomolewa.

"Mnaongea nini?"

"Habari za nyumbani tu," mkewe alijibu, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Nyumbani kwa nani? Habari gani hizo zisizoweza kusemwa mbele ya mwenye nyumba? Kidogo kidogo lilimkaa kichwani kwamba wanamchimba. Shemeji anaharibu rangi taratibu, jina linachafuka, halafu siku moja mtu anatundika kibao chake mlangoni na Usipepese anabaki kupiga vitambulisho nje ya ofisi za watu chini ya mwavuli. Lililomuuma zaidi lilikuwa la mkewe. Shemeji ni shemeji, lakini mama watoto?

Akaweka mtego. Alipomaliza kurekebisha picha za harusi iliyofuata, alizinakili kwenye flashi ndogo, akaitia mfukoni, ndipo akamwita shemeji.

"Tayari. Chapa kama zilivyo. Usiguse kitu."

"Kama zilivyo, shemeji," yule alisema, akainamia kompyuta. Baada ya kitambo kidogo mluzi ukaanza.

Kesho yake mchana shemeji alikwenda kupeleka albamu, mkewe akaenda sokoni. Usipepese alifunga mlango kwa ndani, akachomeka flashi, akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Kushoto yake. Kulia iliyochapwa.

Zilikuwa zimeguswa. Si moja, si mbili, zote! Gauni la bibi harusi, shati la bwana harusi, kitambaa cha meza, meno ya wageni, kila alichokifanya cheupe kilikuwa kimepakwa njano.

"Nimefuga nyoka," alisema peke yake, kwa sauti. "Nimemfuga, nikamlisha, nikamnunulia na kiti!"

Hasira ikamtuma apekue kila pembe ya kompyuta ile ajue wamemficha nini kingine. Alifungua folda za shemeji, akakuta miziki na picha za magari. Alifungua folda za printa. Kisha, kwa sababu ilikuwa imebaki yenyewe, akafungua Waliopepesa.

Picha ya kwanza haikuwa ya mtu aliyepepesa. Ilikuwa ya mkono. Mkono wa mwanamke umeshika kipande cha plastiki cha kijivu chini ya kidevu cha bibi harusi, naye bibi harusi anacheka hajui kinachoendelea. Kwenye kifundo cha mkono ule palikuwa na kovu la pasi. Kovu hilo alilijua. Alikuwapo siku pasi ilipoanguka.

Akafungua harusi ya kabla ya hiyo. Mkono, kadi. Mahafali. Mkono, kadi. Harusi ya binti wa fundi cherehani: mkono, kadi, na nyuma kabisa yeye mwenyewe, mgongo umegeuka, anabadilisha lenzi.

Kadi ile ya kijivu ilikuwa yake. Enzi za kuanza kazi hakupiga chochote kabla ya kuipiga hiyo kwanza, kwenye mwanga uleule wa mahali pale, kwa sababu kijivu chake hakina upande: si chekundu, si cha bluu, hakimpendelei mtu. Baadaye, ukiibofya kwa kipimo cha rangi, kompyuta inajua mwanga ulikuwaje na kuweka kila rangi mahali pake. Ni yeye aliyemfundisha mkewe hayo, kabla hawajapata mtoto wa kwanza. Kisha alizeeka katika ufundi, akaiacha. "Kadi ni mimi mwenyewe," alizoea kuwaambia wapiga picha wenzake, akijigonga chini ya jicho.

Alichukua kipimo, akabofya kijivu.

Gauni likageuka njano. Njano ileile ya ukutani kwa fundi cherehani.

"Kadi imechakaa," alisema. Lakini hakuna aliyekuwapo wa kukubaliana naye, na maneno yakamrudia. Akasogeza kipimo juu ya gauni asome namba. Nyekundu, kijani, bluu: zilikuwa sawa, zimekaa kama ndugu watatu kwenye benchi. Hiyo ndiyo maana ya weupe, hata mwanafunzi anajua. Akapeleka kipimo kwenye picha yake mwenyewe, ile ya kushoto, safi, nyeupe kama chumvi. Bluu ilikuwa imewaacha wenzake mbali kabisa.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akasoma tena. Kisha, polepole, kama mtu anayefanya jambo la aibu, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Akaliachia, akaziba la kushoto.

Gauni lilibadilika rangi. Lilikuwa gauni moja, kwenye skrini moja, na kila jicho lilikuwa na habari yake; njano aliyokuwa akiifuta kwa bluu ilikuwa ndani ya macho yake mwenyewe.

Mlango ukagongwa. "Baba watoto! Mbona umejifungia?"

Alifungua. Mkewe aliingia na kikapu, akamtazama usoni, kisha akatazama skrini ambako mkono wake mwenyewe ulikuwa umejaa. Kikapu kikashuka chini bila haraka.

"Tangu lini mnanihariri?" aliuliza. Alikuwa amepanga kupayuka, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Tangu lini?"

"Tangu yule bibi harusi wa duka la vioo. Alikuja hapa analia. Akasema, mama, mbona nimekaa kama mtu aliyetolewa majini? Nikatazama, nikaona kweli, midomo ya bluu, na mama yake naye kama maiti. Nikamdanganya. Nikamwambia printa imeharibika, arudi kesho."

"Ukamweleza kaka yako. Mimi ukaniacha."

"Ningekueleza nini? Uligombana na balbu, ukaitoa. Ukagombana na skrini, tukanunua nyingine. Ukagombana na printa mpaka ukaipiga teke. Nikaona aliyebaki ni mimi."

Usipepese alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa na hasira bado na hakutaka imtoke bure. "Mmekuwa mkikaa hapo mnanicheka, wewe na huyo mpiga mluzi."

"Nani amecheka?" Macho ya mkewe yalikuwa yamejaa. "Anapiga mluzi kwa sababu anaogopa. Kila akirekebisha anatazama mlango kwanza. Mimi nilitaka tu uendelee kuingia hapa asubuhi, ukae kwenye kiti chako. Ukishaambiwa, ungeingia tena?"

Usipepese alitazama kile kiti na mto wake uliotoboka. Alikumbuka taa za pikipiki zinavyomtandazia ukungu barabarani siku hizi, na jinsi alivyoshika ukuta akishuka ngazi za ukumbi akijidai anakagua rangi yake. Alikwisha kujua kitambo. Alikuwa amelitupa tu kwenye folda asiyoifungua.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Kadi."

Aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wa lenzi, imefungwa kwenye kitambaa. Usipepese aliipokea, akaipangusa kwa shati japo ilikuwa safi, akapita nyuma ya kamera, akapita taa, akaenda kukaa kwenye stuli ya wateja. Hakuwa amekaa hapo tangu walipofungua studio. Aliishika kadi chini ya kidevu chake.

"Nipige," alisema. "Uso tu. Karibu kabisa."

Mkewe alisimama nyuma ya kamera, akapangusa machozi kwa kanga ya begani ili aone. "Tulia," alisema. "Kidevu chini." Likabaki lile neno la mwisho, wote wawili walilisubiri, na likawa gumu kutoka. Taa ikamulika.

Shemeji aliporudi aliwakuta wamekaa mbele ya skrini, dada yake kwenye kile kiti na mwenye kiti amesimama nyuma yake. Mluzi ulimfia mdomoni. Alianza kusema jambo, Usipepese akamwonyesha kwa kidole: njoo utazame.

Mkewe alibofya kadi, rangi zikakaa. Kisha akaukuza uso, paji likatoka, mashavu yakatoka, mpaka skrini nzima ikawa jicho moja. Pale katikati, palipotakiwa kuwa peusi kabisa, palikuwa na kitu kama moshi wa jikoni uliokosa dirisha.

"Mnaona nini?" Usipepese aliuliza.

Shemeji alizitazama ncha za viatu vyake. Mkono wa mkewe, wenye kovu la pasi, ulikuwa umekwisha chukua brashi ya kusafishia picha pale kwenye skrini, kwa mazoea tu, kama alivyofundishwa, na duara lake dogo lilikuwa likielekea kwenye ule moshi.

"Acha," alisema, akamshika mkono. "Hiyo usiisafishe. Nichapie kubwa, nitampelekea daktari."

Duara likasimama ukingoni mwa jicho. Printa ikaamka, ikaanza kuvuta karatasi, nao wakasubiri watatu, bega kwa bega, bila kupepesa.