Shomoro Wasiosikika

Anastacio Longoria, ambaye sote tulimwita Tacho, alidanganya kwa neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa hapana.

Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa Mei, mwaka juzi, kwenye barabara ya udongo inayoanzia nyuma ya maghala ya pamba na kwenda kuishia wangwani. Alikuwa na shemeji yake, Evaristo Cantú, kaka wa marehemu mkewe Elodia. Walikuwa wamesimama mahali wanaposimama siku zote, kando ya lango la malisho ya Bi Celestina Treviño. Injini ilikuwa imezimwa na milango ya pikapu imerudishwa polepole isije ikagonga. Mahali pale mtu hasemi. Husimama, huyaacha masikio yazoee, kisha husubiri nyasi ziseme zenyewe.

Shomoro wa Boteri, ndege mdogo wa nyasini waliyekuja kumsikiliza, akaimba. Aliimba karibu, pengine hatua chache tu ng'ambo ya waya, wimbo wake uleule unaofanana na gololi iliyodondoka kwenye sakafu ya saruji: inaruka mara moja, mara ya pili, halafu inaharakisha hadi inanyamaza. Tacho aligeuka kumtazama shemeji yake, maana kwa kawaida Evaristo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutabasamu. Evaristo alikuwa ametulia, uso umeelekea nyasini, kama mwenyeji aliyetoka barazani kumtazamia mgeni.

"Umesikia chochote, shemeji?" akauliza.

Tacho alidhani anataniwa. Shomoro akaimba tena. Uso wa Evaristo haukubadilika, na hapo Tacho akaelewa.

"Hapana," akasema. "Bado."

Tangu Elodia afariki, barabara ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa Evaristo kitandani. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa fundi wa viyoyozi, miaka yote juu ya mapaa, kichwa karibu na mafeni yanayonguruma, na tangu astaafu hakuwa na kazi nyingine ila ndege. Tacho aliona kwamba mtu wa namna hiyo akiambiwa masikio yake yamekufa ataifungia darubini kabatini, na yeye mwenyewe atafuata. Aliona ni afadhali shomoro apotee kwa asubuhi moja kuliko mtu apotee. Alikusudia kumweleza siku nyingine, taratibu, wakiwa wamekaa. Lakini asubuhi iliyofuata Evaristo aliuliza tena, na hapana ya pili ilikuja kwa wepesi kuliko ya kwanza.

Yafaa ieleweke kwamba Evaristo hakuwa kiziwi wa kumpigia kelele. Alisikia watu, alisikia njiwa na kwale, alisikia kila nati iliyolegea kwenye pikapu ya Tacho na hakuacha kuitaja. Zilizomtoka ni sauti nyembamba tu, moja baada ya nyingine, na sauti ikimtoka mtu hivyo haiagi. Yeye aliona tu kwamba majira ya kuchipua yamekuwa kimya.

Na kwa shomoro yule sauti ndiyo kila kitu. Kwenye nyasi zile wamo shomoro wa aina mbili wenye rangi moja ya vumbi, wanafanana kama mapacha. Hutembea chini kama panya, na asiyewasikia anaweza kupita hapo miaka kumi asijue kama wapo. Ndiyo maana neno la Evaristo lilikuwa na uzito. Hakuwahi kutaja ndege ambaye hakuwa na hakika naye. Tacho alipoanza kufuatana naye, fundisho la kwanza lilikuwa hilo: ukiwa na shaka, hukumsikia. Wageni wanaokuja kutoka kaskazini na darubini zao za bei walimwuliza yeye, na alichosema hakuna aliyekwenda kukihakikisha.

Bi Celestina naye alimwamini. Kila Mei alimpigia simu kuuliza kama wageni wake, wale shomoro, wameshafika. Akiambiwa wamefika, aliacha nyasi zake zisimame mpaka makinda yaruke, mwisho wa Julai, ingawa hei, nyasi kavu za kulishia, ikikatwa Julai huwa imekomaa mno na ng'ombe huila kwa kununa. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Waliahidiana tu mezani kwake miaka mingi nyuma, na yeye si mwanamke wa kurudi nyuma katika ahadi.

Mwaka juzi, na tena mwaka jana, Evaristo alimwomba asubiri, huenda wamechelewa. Akasubiri bure, kwa jinsi alivyojua yeye. Na miaka yote miwili Tacho alijibu hapana, huku akimwona shemeji yake akikonda kwa jambo ambalo halikuwapo. Evaristo alikuwa na maelezo yake. Alisema ni ukame. Baadaye akasema ni taa za viwanda vipya upande wa bandari. Kisha akaacha kueleza. Alikuwa akisimama pale langoni, kofia mkononi, kama anayesimama makaburini.

Mwaka huu walikwenda tena. Asubuhi ninayoisimulia walikuwa na chapati nyembamba zilizokunjiwa mayai na maharage kwenye mfuko, na chupa ya kahawa katikati yao. Usiku kulikuwa kumenyesha kidogo, udongo ukateleza, na Tacho alikuwa akienda polepole.

"Unaendesha kama umebeba mayai," Evaristo akamwambia.

"Nimebeba kaka mtu. Mayai yana nafuu, hayalalamiki."

"Dada yangu alikuwa akisema alikubali kuolewa nawe kwa ajili ya pikapu. Sijui alikuwa anaiona kwa macho gani."

Walikuwa wakicheka walipopinda kona na kuliona trekta.

Lilikuwa ndani ya malisho ya Bi Celestina na mashine ya kukatia nyuma yake. Upande wa mashariki nyasi zilikuwa zimelala chini tayari, kuanzia kwenye ua mpaka karibu katikati ya shamba, na yangeyange walikuwa wakilifuata trekta wakiokota panzi. Harufu ya nyasi mbichi iliingia dirishani. Tacho alisimamisha gari.

Evaristo alisema yeye ndiye aliyeruhusu. Bi Celestina alimpigia wiki iliyopita, akamjibu kwamba asisubiri tena. Alisema asingeweza kumzuilia mtu nyasi zake mwaka wa tatu kwa ajili ya ndege ambao hawapo. Aliyasema haya akiangalia mbele, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba ambao matanga yake yamekwisha anuliwa.

Tacho hakuwa amelifikiria hilo. Katika siku zote za hapana yake, hakuwahi kufikiria kwamba neno lile linatoka mdomoni mwake, linaingia mdomoni mwa Evaristo, na huko linakuwa kweli. Alizima injini. Trekta lilikuwa mbali, linageuka upande wa pili. Katika nyasi zilizokuwa bado zimesimama gololi ilidondoka, ikaruka, ikaharakisha. Karibu na lango, gololi ya pili ikaijibu.

"Shemeji," akasema, "wapo."

"Nani?"

"Shomoro. Wanaimba. Wawili, sasa hivi."

Evaristo alicheka kidogo, cheko la heshima tu. "Nitanie kuhusu tumbo langu, ukitaka. Hilo la ndege usinitanie."

Tacho hakubishana. Alishuka, akaitoa ile darubini kubwa ya miguu mitatu, akaisimika barabarani, akatafuta. Alimpata juu ya ua lililokauka la mmea wa yuka, ule wenye majani makali kama mkonge. Akasogea pembeni.

"Tazama."

Evaristo aliinama. Shomoro alikuwa amejaa kwenye kioo, na jua changa lilikuwa likimpiga kifuani. Alirudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo, koo likatetemeka, likatetemeka kwa kasi zaidi, akafunga. Akatulia. Akafungua tena.

Evaristo aliinua uso kutoka kwenye darubini. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akageuka huku, akageuka kule. Alisikia trekta. Alisikia njiwa kwenye waya wa umeme. Alisikia shemeji yake akipumua. Akainama mara nyingine, akakaa ameinama muda mrefu, akimwangalia ndege yule akisema kama mtu aliye nyuma ya dirisha lililofungwa.

"Tangu lini?" akauliza bila kuinuka.

"Mwaka juzi."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Hapa hapa. Nikakuuliza na mwaka jana. Nimekuuliza hata juzi."

Tacho alisema ndiyo.

Evaristo aliiacha darubini. Alipenya katikati ya nyaya za ua, shati likanaswa na miba ya waya na kuchanika begani, naye hakuliangalia. Alitembea kuelekea kwenye trekta akipunga kofia. Miguu yake si mizuri, na nyasi zilizokatwa zilikuwa zikiteleza kwa umande. Tacho alimfuata kwa nyuma, mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

Mwenye trekta alikuwa Rumaldo, mtu mpole, mfanyakazi wa siku nyingi wa Bi Celestina. Alisikiliza yote. Akasema kwamba tajiri amemwambia akate, na bila neno la tajiri hawezi kuondoka. Evaristo alipiga simu, ikaita, haikupokewa. Akapiga tena. Rumaldo alilitazama bega lililochanika, akatazama nyasi zilizobaki, akazima mashine.

"Mzee," akasema, "mimi nakunywa kahawa. Na leo ni ya moto sana, nitainywa taratibu."

Aliinywa taratibu hadi Bi Celestina alipopokea na kusema aache kukata. Kwa hiyo nusu ya magharibi ilipona.

Waliipita nusu ya mashariki kwa miguu. Evaristo alitangulia, akifunua kila kichaka kilichobaki kwa ncha za vidole. Alikipata kiota chini ya shina lililokatwa, kikombe kidogo cha nyasi kilichopoteza paa lake. Ndani mlikuwa na makinda ambayo macho yalikuwa hayajafunguka, yamegeuza midomo juani. Mama yao alikuwa juu ya nguzo ya ua, panzi mdomoni, hashuki. Wingu halikuwapo na joto lilikuwa limeanza kupanda. Evaristo alipiga magoti, akakusanya nyasi zilizolala, akazisimika moja moja kuzunguka kile kiota ili zikitie kivuli. Zilianguka. Akazisimika tena. Alijua haisaidii. Tacho alitaka kuinama amsaidie, lakini mkono wa Evaristo ulimzuia bila hata kumgusa.

Waliporudi garini Tacho alijaribu kueleza. Alieleza kuhusu Elodia, kuhusu kabati na darubini, na jinsi alivyokusudia kumwambia. Evaristo alimwacha amalize. Kahawa ilikuwa bado katikati yao, haijafunguliwa.

"Masikio ni uzee," akasema mwishowe. "Baba yangu alikufa hasikii radio, na alikuwa mtu wa furaha. Ungeniambia, ningehuzunika mwezi, labda miwili. Halafu ningekuja hapa nikae, nijue wanaimba. Wewe umenizikisha walio hai."

Tacho aliendesha. Walipita maghala ya pamba.

"Yule kozi wa Februari," Evaristo akasema ghafla. "Nilikuwa nimeinama kwenye gurudumu, ukasema kozi amepita. Alipita?"

"Alipita. Naapa kwa kaburi la Elodia."

"Usimtie Elodia humu."

"Alipita, shemeji."

Evaristo alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Tacho alimwona akihesabu kimoyomoyo, akirudi nyuma, ndege mmoja baada ya mwingine, kila asubuhi waliyokuwa pamoja.

Nyumbani kwa Evaristo waliingia kwa mlango wa jikoni, kama kawaida. Tacho alibaki amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Simu iliita. Alikuwa Bi Celestina, na sauti yake ilijaa jikoni, maana ni mtu wa kuongea kwa nguvu. Alitaka kujua imekuwaje. Evaristo hakumtaja mtu. Alimwambia kwamba yeye hasikii tena sauti nyembamba, kwamba hasikii tangu mwaka juzi, na kwamba neno alilompa wiki iliyopita lilikuwa la uongo ingawa hakulijua. Akamwomba radhi. Akamwomba pia asimuulize tena.

Bi Celestina alisema pole, kwa upole usio wa kawaida yake. Kisha akauliza basi mwakani ampigie nani.

"Shemeji yako je? Si mko wote siku zote? Masikio yake mazima?"

"Mazima kabisa," Evaristo akasema. Alimtazama Tacho pale mlangoni, akamtazama kwa muda, bila hasira yoyote usoni. "Lakini usimpigie yeye. Nitakutafutia mtu."

Aliweka simu mezani. Akateremsha vikombe viwili kutoka rafuni, akaifungua chupa waliyotoka nayo barabarani, akamimina.

"Kaa unywe," akasema. "Inapoa."

Tacho alikaa. Nje, kwenye mti wa mndimu, ndege mdogo alianza kuimba, sauti nyembamba kama uzi. Tacho alimsikia vizuri. Alikizungusha kikombe mezani, akafungua mdomo amtaje, kisha akanywa kahawa yake.