Darubini Isiyochungulia

Wapangaji wa jengo lile walimwita Magego kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa alishinda kwenye chumba cha nyuma ya kliniki akikanda nta, akimimina plasta na kusugua meno mpaka yafanane na ya Mungu. Jina hakulichukia. Maneno yake yalikuwa machache tangu hapo, na mkewe alipofariki hata hayo machache yakapungua, akawa anapanda na kushuka ngazi kama kivuli.

Kilichomrudishia uhai kidogo ni darubini. Alijibana kwa muda mrefu akainunua: chombo kifupi, kinene, chenye miguu mitatu, wala hakina pa kuwekea jicho. Unakisimamisha juu ya paa, unakiambia kwa simu unachotaka kuona, chenyewe kinageuka kukitafuta angani, kisha kinakusanya mwanga kidogo kidogo mpaka picha inajitokeza kwenye simu. Muuzaji alikiita darubini janja.

Mama Pacha, mshonaji wa ghorofa ya tatu, alipanda jioni moja kuanua nguo za wanawe. Akaonyeshwa wingu jekundu la gesi lililochanua kama ua, na nguo akazisahau kambani. Tangu siku hiyo kila akienda kuanua alikawia kidogo. Alimwita kaka, naye akamwita dada, na hapakuwa na zaidi ya hapo. Ila mumewe, dereva wa lori, hakuambiwa. Alikuwa na wivu wa kuota moto, na mwenye wivu haelezwi habari za nyota.

Maneno yalianzia bombani. Mmoja alisema amemwona Magego juu ya paa na kamera. Mwingine akaongeza kwamba kamera imeelekezwa madirishani. Kufika jioni habari ilikwisha kuota mbawa: Magego anawapiga picha wake za watu wakioga. Mwenyekiti wa wapangaji akaitisha kikao uani.

Magego alijieleza. Alisema chombo kile kimetengenezwa kwa vitu vya mbali mno; ukikielekeza kwenye dirisha la jirani utaambulia ukungu mtupu. Mwenyekiti akauliza kinaitwaje. Alipotaja jina, watu wakacheka.

"Kama chombo chenyewe ni janja," mwenyekiti akasema, "mwenye chombo je?"

Ndipo Magego akasema yupo mtu humu aliyewahi kupanda na kuona kwa macho yake, akamtazama Mama Pacha. Mumewe, aliyekaa ubavuni pake, akamgeukia taratibu.

"Wewe umewahi kukaa naye huko juu?"

Mama Pacha alikuwa akiviringisha pindo la khanga kidoleni. "Mimi huenda kuanua nguo tu," akasema. "Mambo yake siyajui."

Magego hakubisha. Alitoa simu, akaifungua, akampa mwenyekiti. Ikazungushwa mkono kwa mkono. Picha za nyota walizipitisha harakaharaka, maana hazikuwa walichotafuta, mpaka wakafika kwenye picha ya marehemu mkewe: yuko kitandani hospitalini, kichwa hakina unywele, shuka limemshuka begani, anacheka. Mwenyewe ndiye aliyetaka apigwe hivyo. Magego hakuwahi kumwonyesha mtu picha ile, na katika simu nzima hapakuwa na mwanamke mwingine. Hata hivyo haikurudishwa hapo hapo. Kila mmoja aliitazama, akampa wa pembeni. Ilipomrudia ilikuwa na joto la viganja vya watu.

Hakuna aliyemwomba radhi. Mwenyekiti alikohoa, akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa hiyo, kwa amani ya wote, itawekwa taa kali juu ya paa, iwake jua likizama mpaka kuche. Watu wakaafiki.

Taa ilipowaka, picha za darubini zikatoka nyeupe kama plasta. Magego alijaribu kuikinga kwa shuka, akajaribu pembe hii na ile, asipate kitu. Labda angeipeleka uwanjani kwenye giza, lakini mtu aliyekwisha kuitwa mchunguliaji hatembei na darubini begani. Akaikunja miguu, akaiuza. Wanawake waliendelea kushusha mapazia wakisikia hatua zake ngazini.

Mume aliposafiri na lori, Mama Pacha akaja kubisha hodi. Hakuingia. Alisema amsamehe, kwamba angefungua mdomo siku ile nyumba yake ingevunjika, na wanawe bado wadogo.

Magego alimsikiliza mpaka mwisho. "Kikiitwa kikao kingine kesho, utasema?"

Mama Pacha akatazama chini kwenye ngazi, kama aliyesikia mtu anapanda.

"Basi usije tena hapa, dada," Magego akasema. "Utaonekana."

Akausukuma mlango polepole, usije ukasikika ghorofa ya tatu.