Mkwe Haambiwi Lala

Wewe umewahi kupakiwa garini na mtu unayemwona anasinzia, na mdomo unao, na usiweze kumwambia amka? Mimi nimewahi. Tena si kwa kitambo kidogo; ni kuanzia mlimani hadi jangwani.

Aliyekuwa akiendesha ni Mbarak, mume wa binti yangu Esha. Huyo ni mkwe wangu. Na katika nyumba yetu hapa Msambweni, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hatuli sinia moja. Hatuitani majina. Nikimkuta njiani hukaa kando mimi nikapita, tukaamkiana huku kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Nikiwa na la kumwambia namwambia Esha, na Esha humwambia yeye, hata kama tumesimama ua mmoja na kila neno amelisikia. Si chuki hiyo. Ni heshima, na tumeishi nayo vizuri miaka yote, maana baina ya nyumba yangu na yao pana shamba zima la mihogo.

Lakini gari halina shamba la mihogo katikati.

Aliyetutoa nyumbani ni Yusra, binti yao. Mjukuu wangu huyo ni muuguzi. Akapelekwa kazi kaskazini, akaolewa huko huko na kijana wa Kalacha, ng'ambo ya jangwa la Chalbi, na Mwenyezi Mungu akamjaalia mtoto wa kike. Akapiga simu akasema mtoto hanyolewi nywele za arobaini mpaka nifike mimi. Ningekataaje?

Mbarak ana Landrova kuukuu la kubebea nazi. Akalitia matairi mapya, akalifagia, lakini harufu ya makumbi haikutoka, na mimi sikutaka itoke. Nilifunga mikate ya kumimina kwa majani ya mgomba, chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, udi kidogo, na leso mbili za kumbebea mtoto. Tulikuwa watano. Mimi, Esha na Mbarak. Hasina, dada yake Mbarak, ambaye mdomo wake haujui likizo. Na mzee Boga, jirani yetu aliyeendesha malori maisha yake yote, ndiye wa kupokezana usukani na Mbarak.

Boga tulimwacha Voi. Mgongo ulimkamata hata kukaa kitako hawezi, tukamfikisha kwa nduguye pale mjini. Esha akamuuliza mumewe kama ataweza peke yake. Akajibu kwa sauti ya kunifikia mimi kiti cha nyuma, kwamba mwambie mama asiwe na wasiwasi, ni lami tupu mpaka Marsabit. Sasa mwanamume akishatamka hivyo mbele ya mama mkwe, atayarudisha vipi maneno?

Tukaenda. Tukalala njiani, siku ya pili tukalala Nanyuki, chini ya mlima. Gesti ile ilikuwa na ujia mwembamba, vyumba vimetengwa kwa mbao, bafu moja tu mwisho kabisa. Na baridi ya mlima ule inaingia hadi kwenye mizizi ya meno. Alfajiri nikatoka kutafuta maji ya kutawadha, nikaona vioo vya Landrova vimefanya ukungu kwa ndani. Nikasogea. Mbarak alikuwa ameketi palepale penye usukani, amejifunika gunia la nazi, macho wazi. Aliponiona akainamisha kichwa. Nami nikageuka kama sikuona kitu.

Nilipomaliza kusali nikamwamsha Esha nikamuuliza. Akaniambia ukweli: tangu tutoke nyumbani mumewe hajalala kitandani. Atapitaje ujiani na kikoi na taulo begani, akakutana na mama mkwe? Na mbao zile, akikoroma si nitamsikia? Nikauliza, na chakula? Hapo nikakumbuka kila hoteli tuliyoshuka. Sisi wanawake mezani, yeye amebaki kulinda mizigo. Mimi nilidhani anakula baadaye. Kumbe alikuwa akinywa chai ya rangi amesimama nyuma ya gari.

Ndipo hofu iliponiingia. Maana njia bado ndefu, dereva ni mmoja, na kinachomnyima usingizi ni mimi.

Tulipopita Timau barabara ikaanza kuteremka kwenda Isiolo. Wenzangu walikuwa wakitazama mashamba ya ngano, na kule chini nchi kavu yenye rangi ya samli. Mimi nilikuwa nikitazama shingo ya Mbarak. Ikainama polepole, ikarudi. Ikainama tena. Gurudumu la kushoto likaanza kula changarawe, na lori lililokuwa likipanda likapiga honi ndefu. Akalirudisha gari barabarani. Mikono yangu ilikuwa imeshika kiti cha mbele kwa nguvu hata kucha zikauma.

Nikamwambia Esha, mwambie baba Yusra asimame apumzike. Esha akamwambia, mama anauliza kama umechoka. Sivyo nilivyosema, lakini neno likipitia kwa mtu wa kati hupunguzwa makali. Mbarak akajibu, mwambie mama sijachoka, ni jua tu linanipiga usoni. Jua lenyewe lilikuwa limejificha mawinguni.

"Kaka yangu atatuua kwa adabu," akasema Hasina. "Wifi, hapo Isiolo tumnunulie miraa, achangamke mpaka atuimbie."

"Nitafune miraa na mama yuko nyuma?" Mbarak akasema, na masikio yake nikayaona yamekuwa mekundu.

Marsabit nilijaribu hila. Nikamwambia Esha nimezungumza na mama mmoja muuza maziwa ya ngamia, yuko tayari nilale kwake, ili gesti ibaki yao. Esha akanishika mkono. Akasema, mama, ukifanya hivyo Mbarak atajua umejua, na watu watasema amemfukuza mkwewe. Hata huo usingizi kidogo wa garini hataupata kwa aibu. Nikaona ni kweli. Nikalala gesti hiyohiyo, nimejinyoosha kama gogo, sigeuki, sikohoi, nikidhani akisikia kimya upande wangu atajitia moyo aingie chumbani kwake. Asubuhi gunia la nazi lilikuwa kwenye kiti cha dereva.

Siku hiyo tukaiacha lami. Mawe meusi kwanza, mawe na mawe, gari linatetemeka mpaka kilemba changu kikafunguka. Kisha mawe yakaisha ghafla, tukatokea Chalbi.

Sijui nikuelezeje. Ni nchi iliyotandazwa, nyeupe kwa chumvi, haina mti wala kichuguu. Mbele yetu maji yanang'aa, nikaona kabisa ni bahari imetokea, na ukisogea haipo. Barabara nayo si moja. Ni nyayo za magari zimetawanyika huku na huku kama ukili wa mkeka uliofumuka, kila dereva amepita alipotaka. Mume wa Yusra alikuwa ametuambia kwenye simu tusiache nyayo zilizokolea, maana pembeni chumvi ni ganda tu, chini ni tope, na gari likizama hapo mtu huweza kungoja siku nzima asione gari jingine.

Joto likawalaza Esha na Hasina. Nikabaki mimi na kioo kidogo cha dereva. Humo nikayaona macho ya Mbarak. Yakafumba, yakafumbua. Nikamfinya Esha begani. Akaguna akageukia dirishani. Nikatazama mbele. Nyayo zilizokolea zilikuwa zimehama, ziko kulia kwetu, zinazidi kwenda mbali, na chini ya magurudumu yetu chumvi ilikuwa ikivunjika kama gae la chungu. Nikatazama kioo. Macho yamefumba, hayafumbui.

Sikuwa na mtu wa kupitishia neno.

"Mbarak," nikasema. "Simamisha gari, mwanangu."

Jina lake sikuwa nimewahi kulitia mdomoni mbele yake. Akakanyaga breki kwa nguvu, tukarushwa wote, Hasina akapiga kichwa kwenye kiti. Mbarak akafungua mlango, akashuka, akaenda kusimama mbele ya gari, mgongo kwangu. Nikashuka nami, magoti yananilalamikia. Esha akaniuliza kwa wasiwasi ninafanya nini. Nikamwambia akae humo humo.

Nikamzunguka Mbarak nisimame mbele ya uso wake. Akageuka. Nikamzunguka tena. Akageuka tena.

"Mnacheza nini nyinyi, jua lote hili?" Hasina akauliza dirishani.

Nikamwacha Mbarak, nikatoa kikapu, nikaketi kwenye kivuli kidogo cha gari. Nikafungua jani la mgomba, nikamega mkate wa kumimina, nikaanza kula pale mbele yake, natafuna taratibu kwa meno niliyobakiwa nayo, ili aone kwamba sioni haya kula mbele yake. Kisha nikamnyooshea kipande kilichobaki. Mkono wangu ukakaa hewani muda mrefu. Sikuushusha.

Akaja. Akachuchumaa. Akakipokea kwa mikono miwili, akala amekodolea chumvi macho, na alipomaliza nikampa kingine. Nikamwagia maji mikononi mwake.

"Unataka nini, Mbarak?"

"Sina shida, mama."

"Sikuuliza shida."

Nikangoja. Mimi kungoja naweza. Mbarak akajifuta uso kwa kiwiko, akainua kichwa, akanitazama machoni. Na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nataka kulala, mama," akasema. "Tangu Voi nataka kulala. Nataka nilale hapo kiti cha nyuma, nikorome, unisikie, na nikiamka usinione sina adabu."