Upana wa Mlango wa Choo

...na hiyo futi yenyewe ni ya fundi wa nguo, Lorine anaivuta kwenye mlango wa choo cha hoteli yake kana kwamba anaushonea suti, nami niko huku nje, hapa Dunga ufuoni mwa ziwa, kwenye kiti changu cha magurudumu, soda baridi mkononi, sijaionja, mimi niliyeendesha lori hadi Juba na Lubumbashi, nikalala mipakani bila woga, leo natishwa na chupa ya soda kwa sababu sijui kama choo kitanipokea... "Mzee Absalom, napima mbao ama nafasi?" nafasi, mama, mbao sitapita ndani yake... mwaka jana nilimpigia simu kabla ya wakwe kuja kumposa binti yangu Winny, nikauliza, kuna ngazi? akanijibu, "Hakuna shida, Mzee, kuja tu!" na kweli shida haikuwepo, zilikuwepo ngazi tatu, Walter mpishi na wenzake wakaninyanyua kama gunia la dagaa, omena wa ziwani, mbele ya wakwe, suti mpya, miguu inaning'inia, nikapunga mkono kama mgombea ubunge, watu wakacheka, nikacheka kuwashinda, halafu saa nne nzima koo kavu, nikikataa hata mchuzi wa samaki ngege... na hawakunidanganya, walinipenda, huku kwetu nani atamwambia mgeni hapana, tunambeba tu, tunadhani tumemaliza... "Lakini nikiandika ngazi tatu kwa mtandao si nitafukuza wateja?" aliniuliza asubuhi, nikamwambia waliofukuzwa huwaoni, wako nyumbani, simu mkononi, hawajui waje ama wakae... "Sabini na mbili!" anapaza sauti, walaji wote wa samaki wanageuka, "Kiti chako ni ngapi?" sitini na nne, sitini na nne! ninapita na viwiko vyangu vyote, "Andika, mama!" "Na ngazi pia?" na ngazi, na ule ubao Walter aliopigilia juu yake juzi, na mteremko wake mkali, usiupambe... anabonyeza simu yake, yangu inalia, nasoma tangazo: ngazi tatu, ubao upo, ni mkali, mlango wa choo sentimita sabini na mbili, na hakuna "hakuna shida" popote... ngazi bado ni tatu, mimi bado niko nje, Lorine bado ameshika futi, na chupa, loo, chupa iko tupu, nimeimaliza lini... "Lorine! Leta nyingine, kubwa!"